Begi la kujifungulia: moja kubwa, la mama na la mtoto, au la leba na la wodi?

"Baba, nipe kofia ya mtoto."

Mkunga alisema hivyo huku mikono yake yote miwili ikimkausha mwanangu wa kwanza juu ya kifua changu. Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la magurudumu tulilolijaza mpaka zipu ikagoma. Akatoa gauni langu la kurudia nyumbani, akatoa taulo, akatoa pakiti nzima ya pampasi, akatoa viatu. Kofia ilikuwa chini kabisa, ndani ya mfuko wa soksi, pale nilipoiweka mwenyewe wiki tatu kabla nikiamini nimepanga vizuri. Alipoipata, vitu vyetu vyote vilikuwa vimetapakaa sakafuni na mtoto ameshafunikwa kwa taulo la hospitali.

Tangu siku hiyo nimefungasha begi la kujifungulia mara mbili zaidi: langu la mtoto wa pili, aliyezaliwa kwa upasuaji, na la mdogo wangu, ambaye nilimsindikiza mimi. Mara tatu, kwa namna tatu tofauti. Nilichojifunza ni kwamba begi hili hufungwa na mtu mmoja likafunguliwa na mwingine. Wewe unalipanga umetulia, umekaa kitandani kwako. Atakayelifungua ni msindikizaji wako usiku wa manane, mikono ikimtetemeka, au muuguzi ambaye hajawahi kuliona. Ndiyo maana katika kila ulinganisho hapa chini nauliza mambo mawili tu: kitu hiki kitatakiwa saa ngapi, na nani atakitafuta?

Moja kubwa, mawili ya wenyewe, au mawili ya saa

Faida ya sanduku moja si ndogo. Ukitoka nyumbani unashika kitu kimoja, ukifika unalinda kitu kimoja, na hakuna kilichobaki mlangoni. Kwa mama aliyepangiwa upasuaji, anayejua atalala kitanda kile kile mpaka siku ya kuruhusiwa, linatosha kabisa. Shida inaanza pale mtu anapohamishwa. Katika hospitali nyingi mama hupokelewa chumba kimoja, hujifungulia kingine, kisha hupelekwa wodini, na kila mlango mzigo lazima ukokotwe. Leba yenyewe huwa finyu: kitanda, stendi ya dripu, meza ya vifaa, sehemu ya kumhudumia mtoto. Sanduku likifunguliwa sakafuni linawaziba njia watu walio kazini.

Namna ya pili ni begi la mama na begi la mtoto. Hii ndiyo wanayoshauri watu wengi, na ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Mimi siichagui. Saa ya kwanza baada ya kujifungua inataka kofia ya mtoto na pedi ya mama kwa wakati mmoja, inataka blanketi la mtoto na maji ya kunywa ya mama. Ukiwa umegawa kwa kuangalia mwenye kitu, mabegi yote mawili yatafunguliwa leba, na sehemu kubwa ya vilivyomo haina kazi mpaka kesho yake. Pale inapofaa kweli ni mtoto anapotarajiwa kupelekwa chumba cha watoto wachanga wanaohitaji uangalizi, kwa mfano akitegemewa kuzaliwa kabla ya wakati. Hapo begi lake linakwenda naye na lako linabaki nawe.

Namna ya tatu, ambayo naitetea, ni kugawa kwa saa: begi dogo la leba na begi la wodi. La leba liwe dogo kiasi cha kukaa juu ya kiti. Ndani yake ni makaratasi, chupa ya maji, mafuta ya midomo, kitu cha kubania nywele, ndala, taulo moja la rangi ya giza, pedi tatu nne, chupi mbili, na mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani wenye nguo ya kwanza ya mtoto. Basi. Begi la wodi linabaki kwa msindikizaji nje, au kwenye gari, mpaka litakapohitajika.

Huo mfuko wa plastiki ndio kitu kidogo chenye faida kubwa kuliko vyote nilivyowahi kufungasha. Wa mdogo wangu ulikuwa na kofia, vesti, nguo ya kipande kimoja yenye vifungo vya mbele, soksi, pampasi moja na blanketi jepesi, vimepangwa kwa utaratibu wa kuvalishwa, kofia ikiwa juu kwa sababu ndiyo ya kwanza. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukikilinganisha na mwili wake, na joto hupotea hapo haraka hasa kikiwa bado na majimaji. Ilikuwa saa 8 usiku. Muuguzi akaniambia, "Dada, nguo za mtoto," nikaingiza mkono, nikautoa mfuko ule mzima, nikampa. Sikuhitaji hata kuangalia.

Begi mbili zina ugumu wake: ukienda peke yako, huna mkono wa tatu. Kwa mama anayejua huenda akafika bila msindikizaji, nashauri begi moja la kati la kuvaa mgongoni au begani, na lile la leba liwe mfuko tu uliolala juu kabisa ndani yake. Kuhusu magurudumu na begi laini sina maneno mengi. Begi laini hujibana chini ya kiti, nalo linapanda ngazi zozote likibebwa. Sanduku linahitaji sakafu laini na mtu mwenye nguvu.

Kabla ya yote, uliza hospitali inatoa nini

Kuna vituo ambavyo unafika na makaratasi tu, vingine vinakuvisha gauni lao, vinakupa pedi, shuka na hata nguo ya mtoto ya siku ya kwanza. Kuna vingine ambavyo mama anatakiwa kuja na glovu, pamba, kibanio cha kitovu na mpira wa kutandika kitandani. Mama wawili wa vituo hivi viwili tofauti wakifuata orodha moja, mmoja atabeba mzigo bure na mwingine atapungukiwa na kitu ambacho huwezi kukiazima. Swali hili liulizwe kliniki mapema, na jibu liandikwe.

Ukitakiwa kuja na vifaa vya kujifungulia, utakuta vimefungashwa pamoja tayari, au utanunua kimoja kimoja. Pakiti iliyokamilika inakuokoa kusahau. Kununua kimoja kimoja kunakupa nafasi ya kukagua ubora. Kwa namna yoyote, tazama tarehe ya mwisho ya matumizi na uhakikishe kifungio hakijapasuka. Glovu na kibanio cha kitovu ni visafi kwa sababu vimeuliwa vijidudu kiwandani na kufungwa visiguswe. Usivifungue nyumbani ili kuhakiki vilivyomo. Ukishavifungua, vimeshapoteza usafi ule ulionunua.

Pedi: za uzazi, za kawaida, au chupi za kutupa

Hapa ndipo wengi tunapobahatisha, nami nilibahatisha. Damu hutoka baada ya kujifungua hata ukifanyiwa upasuaji, kwa kuwa inatoka ndani ya mfuko wa uzazi, pale kondo lilipokuwa limeshika. Siku za kwanza huwa nyingi na nyekundu, kisha hupungua na kubadilika rangi, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 mpaka kwisha kabisa.

Pedi za uzazi ni ndefu, nene, na upande wa juu huwa kama pamba. Zinafyonza sana na hazikwaruzi mshono. Ubaya wake ni ukubwa: pakiti mbili zinakula robo ya begi, na chupi ndogo haziwezi kuzishika.

Pedi za kawaida, hata zile za usiku, ni nyembamba na zinapatikana kwa urahisi zaidi. Nyingi zina wavu wa plastiki juu, na wavu huo ukigusana na sehemu iliyoshonwa huleta joto na kunata. Nilizitumia kwa mtoto wa kwanza nikajuta kila nilipoketi. Ni nzuri kuanzia wiki ya pili, damu ikishapungua.

Chupi za kutupa zenye pedi ndani yake, au nepi za watu wazima, hazisogei ukilala na hazihitaji chupi nyingine. Mdogo wangu alizivaa usiku mbili za kwanza akalala bila kuhofia shuka. Kwa aliyepasuliwa ni lazima zile zinazopanda mpaka juu ya kiuno. Kasoro yake ni joto, na kwamba kila ukibadilisha unavua yote, jambo gumu kwa mtu ambaye kuinama kunamuuma.

Kwa hiyo nachagua mchanganyiko: chupi za kutupa mbili au tatu za usiku, pakiti mbili za pedi za uzazi, na za kawaida zibaki nyumbani zikisubiri. Pamba za kuingiza ndani na vikombe vya hedhi viachwe kabisa kwa wiki hizo, maana vinaweza kuingiza maambukizi. Na msindikizaji ajue hili: pedi ikilowa chapa yote ndani ya saa moja au chini ya hapo, au likitoka bonge la damu kubwa kama yai, muuguzi aitwe saa hiyo hiyo. Usiitupe pedi hiyo kabla hajaiona.

Gauni au fulana na suruali

Gauni la kufungua mbele linashinda, na sababu si urembo. Ukiwa na uchungu utapimwa mara kwa mara, na suruali itakuwa inavuliwa na kuvaliwa kila mara. Mkononi kunaweza kuwa na dripu, na mkono mwingine unafungwa kipimo cha presha, kwa hiyo mikono ya nguo iwe mifupi na mipana. Mtoto akitoka anawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, na Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Fulana inayovuliwa kwa kupitisha kichwani ni kikwazo saa hiyo. Vifungo vya mbele vinafunguliwa kwa mkono mmoja. Chukua magauni mawili au matatu ya rangi ya giza, na moja uliloshalizoea mwilini.

Suruali ya kulalia inafaa wodini kuanzia siku ya pili kwa mama aliyejifungua kawaida. Aliyepasuliwa aisahau: mshono mara nyingi hukaa chini ya tumbo, juu kidogo ya kinena, pale pale mpira wa suruali unapobana. Ni hivyo hivyo kwa chupi. Zile za kukatia nyongani zinakaa juu ya kidonda. Chukua pana, za pamba, zinazopita kitovu.

Vya mtoto: vichache kuliko unavyodhani

Watoto wengi waliotimiza miezi huzaliwa na kilo kati ya 2.5 na 4. Nguo za kipimo cha mtoto mchanga zinamkaa aliye mdogo na kumbana aliye mkubwa. Za miezi 0 hadi 3 zinamtosha mkubwa na kumvaa mdogo kama gunia. Badala ya kubashiri, weka mbili za kila kipimo. Sita za kipimo kimoja ni mzigo.

Pampasi au nepi za kitambaa? Nyumbani mimi ni mtu wa kitambaa, lakini hospitali nachukua pampasi. Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi na kinanata kama lami, na kukitoa kwenye kitambaa kunataka maji mengi na mahali pa kuanika, vitu ambavyo wodini ni shida. Pampasi 10 hadi 12 kwa siku zinatosha na kubaki. Kufutia, pamba na maji safi ya vuguvugu ni laini kuliko vitambaa vyenye dawa na manukato, ingawa vitambaa vinaokoa usiku ambao maji ya moto hayapatikani. Nikichukua, nachukua visivyo na harufu.

Sabuni ya mtoto, beseni, mafuta na poda viache nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24, na poda haimfai kabisa, maana vumbi lake huingia mapafuni. Chupa na maziwa ya kopo pia viache, isipokuwa daktari au mkunga ameshakushauri vingine kwa sababu ya afya yako au ya mtoto. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, hutoka kidogo, na tumbo la mtoto siku hiyo linataka kidogo.

Ukijifungua kawaida, ukipasuliwa

Baada ya kujifungua kawaida bila tatizo, mama na mtoto wanatakiwa kubaki chini ya uangalizi angalau saa 24. Upasuaji huongeza siku, mara nyingi mbili hadi nne. Kwa hiyo watu hudhani tofauti ni idadi ya nguo tu. Kwangu tofauti kubwa ilikuwa urefu wa mkono.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji, begi langu lilikuwa zuri, limepangwa, lina kila kitu, nalo lilikuwa chini ya kitanda. Miguu ilikuwa bado na ganzi ya ile sindano ya mgongoni. Midomo imekauka, simu imezima, mafuta ya midomo na chaja viko nusu mita chini yangu na siwezi kuinama. Nililala nikiangalia dari mpaka zamu ya muuguzi ilipopita. Aliyepangiwa upasuaji aongeze mfuko mdogo wenye kamba, wa kutundika kwenye ubavu wa kitanda: chaja ya waya mrefu, maji yenye mrija, mafuta ya midomo, pedi mbili, karatasi laini. Aongeze pia viatu vya kutumbukiza mguu bila kuinama, na mto mdogo wa kukandamiza tumbo anapokohoa au kucheka, maana kikohozi kimoja bila mto kinauma sana.

Jambo lingine la upasuaji halifungashwi, linaondolewa: rangi ya kucha na vito. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni husoma kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi inaweza kukivuruga. Vito viache nyumbani, usimtwike msindikizaji kuvilinda.

Kama umepangiwa kujifungua kawaida, usijifungashie kama mtu wa upasuaji. Weka tu magauni mawili na chupi tatu za akiba kwenye mfuko nyumbani, mahali ambapo mtu anaweza kuambiwa kwa simu akaufuata.

Mapema au mwishoni

Mimba iliyotimia huhesabiwa kuanzia wiki ya 37, na karibu mtoto mmoja kati ya 10 duniani huzaliwa kabla ya hapo. Wanaozaliwa tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi ni wachache mno. Kufungasha wiki ya 38 ni kumtegemea mtoto asome kalenda.

Kufungasha mapema nako kuna tabu yake: vitu vinaanza kutolewa. Ndala zinavaliwa, chaja inachukuliwa, mafuta yanahamia bafuni, na siku ikifika begi lina mashimo. Mimi hufunga begi la leba wiki ya 34, la wodi wiki ya 36. Mwenye mapacha, presha, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati namwambia wiki ya 30 hadi 32. Vile vinavyotumika kila siku naviandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibandika juu ya begi: chaja, miwani, dawa ninazotumia, funguo.

Kadi ya kliniki haimo kwenye orodha hiyo wala haikai ndani ya begi. Hiyo inatembea nawe kwenye mkoba, pamoja na kitambulisho, karatasi ya bima na majibu ya kipimo cha kundi la damu, kwa sababu chupa ya uzazi inaweza kupasuka ukiwa mbali na nyumbani, na mkunga wa kituo chochote anaweza kukuhudumia kwa kuisoma kadi hiyo hata kama begi halijafika.

Halafu fungasha pamoja na mtu atakayekusindikiza, au baada ya kufunga mjaribu. Mdogo wangu alinifanyia hivyo wiki ya 35. Alikaa kwenye kiti, begi likiwa mbele yangu, akazima taa.

"Dada, kofia."

Nikaitoa.

"Pedi."

Nikazitoa.

"Chaja."

Nikapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, nikavuta gauni, nikavuta taulo. Akawasha taa, akaichukua chaja kutoka ndani ya kiatu alimokuwa ameificha isije ikakatika waya, akaiingiza kwenye mfuko wa nje, akafunga zipu. "Hapo hapo," akasema, na haikuhama tena mpaka siku alipojifungua.